Pipa la Harusi ya Lorna

Arnold Sugden alikuwa mtu mwema na jirani mwema, ila usimsifie bia ya mtu mwingine mbele yake. Ukimsifia, atakunja midomo, atatazama dari, kisha atakuuliza polepole, "Na alilipumzisha siku ngapi hilo pipa?" Ukimjibu moja, ataguna. Ukimjibu tatu, ataguna vilevile. Watu wa mji wake wa Cragley walishamzoea, na wengine walimchokoza makusudi ili tu wamsikie akiguna.

Miaka arubaini alitengeneza mitambo ya kufuma sufu. Kiwanda kilipofungwa mwaka wa themanini na moja, akarudi nyumbani na goti bovu na siku ndefu zisizo na kazi. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani, nyumba ya mawe iliyobanwa na nyumba nyingine kushoto na kulia, na chini yake palikuwa na chumba cha ardhini cha kushukia kwa ngazi kumi na nne. Humo hamwingii joto wala baridi mwaka mzima. Humo ndimo alimolaza mapipa yake, moja la Krismasi, moja la Pasaka, na jingine kila mtaani kulipokuwa na ubatizo au msiba.

Bia ya pipa si ile ya chupa inayokufikia imeshakufa. Inaletwa ingali hai, hamira inafanya kazi ndani, na aliyeinunua ndiye anayeimalizia. Unalilaza pipa kwenye kitanda chake cha mbao. Unalikaba kwa kabari lisitikisike. Unapigilia kijiti laini juu yake lipate kupumua, unalifunika gunia bichi, halafu unafanya kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuliacha. Siku tatu mashapo yanashuka, na bia inabaki safi kiasi cha kusoma gazeti kupitia kwenye glasi. Ukilitikisa umerudi mwanzo, na hapo hakuna dawa ila kusubiri upya. Ndiyo maana pipa lililokwisha kutulia halihamishwi. Anayetaka kunywa atalifuata liliko.

Mkewe, Mavis, alifariki binti yao Lorna akiwa na miaka tisa. Arnold alimlea mwenyewe, na kwa kuwa hakujua kusuka nywele wala kushona, alimfundisha alichokijua. Mtoto wa watu akajua bilula, bomba la kufungulia pipa, kabla ya kujua sindano. Alikuwa akikaa ngazi ya tatu kutoka chini, ameshika glasi juu kwenye taa, anamwambia baba yake, "Bado, baba, ina ukungu." Na Arnold alimsikiliza kuliko alivyomsikiliza mtu mzima yeyote.

Sasa, kwa akina Sugden kulikuwa na desturi. Binti akiolewa, baba yake ndiye hulaza pipa la harusi, hulitoboa kwa pigo moja la nyundo ya mbao, na kummiminia bibi harusi glasi ya kwanza. Babu yake alifanya hivyo. Baba yake aliwafanyia dada zake Arnold wote watatu. Arnold hakubakiwa na dada wa kumfanyia, wala hakuwa na binti mwingine. Alikuwa na Lorna tu, na zamu yake aliingoja miaka ishirini na sita.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, Lorna alikuja kula naye nyama ya kuoka, akaweka uma chini.

"Baba, ile shughuli ya pipa. Tumeongea mimi na Keith." Keith Lumb ndiye aliyekuwa mchumba wake. "Sherehe itakuwa kwao, kwenye bustani ya baba yake. Ni tambarare, na gereji ni kubwa. Yeye atalilaza pipa hukohuko."

Arnold akaendelea kukata nyama iliyokuwa imeshakatika.

"Nani atalilaza?"

"Baba yake Keith. Clifford. Anajua, baba, usigune. Miaka mitatu sasa anaweka bia nyumbani."

"Mitatu," akasema Arnold.

"Wageni sitini, baba. Ngazi kumi na nne, na goti lako hilo. Utapanda na kushuka mara ngapi? Mimi nataka siku hiyo uwe baba tu. Uvae suti, ukae, ulie kidogo, ule keki."

Alisema kwa mapenzi, na kila neno lilikuwa na akili. Ndiyo maana lilimuuma zaidi. Angekuwa amemtukana ingekuwa rahisi. Akasema, "Haya, mwanangu, kama mlivyopanga," akaenda jikoni kuchukua mchuzi ambao ulikuwa tayari mezani.

Tangu siku hiyo wivu ukamwingia, na nasema wivu kwa sababu hakuna jina jingine. Huyu Clifford Lumb alikuwa mkaguzi wa mabasi mstaafu, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Alijifunza bia vitabuni. Vitabuni, jamani! Alikuwa na kipimajoto. Aliandika kwenye daftari kila pipa lilipotoka, lilitulia kwa saa ngapi, lilidumu siku ngapi. Arnold alikuwa akipima kwa kiganja cha mkono na hajawahi kukosea, lakini sasa kila akiweka kiganja juu ya pipa alikiona kile kipimajoto cha Clifford. Binti yake amekwenda kuchukua mume. Sawa, mabinti huolewa. Lakini kwa nini achukue na baba mwingine humohumo?

Kwenye baa, rafiki yake Herbert Dewhirst hakumwonea huruma. Walikuwa wamekaa meza moja tangu ujana, na Herbert aliamini kwamba rafiki ni wa kuchomwa kwa maneno.

"Nasikia umestaafishwa mara ya pili," akasema Herbert.

"Nani kasema?"

"Mji mzima. Nasikia mzee Lumb ana koti maalumu la kulivalisha pipa. Pipa lina koti, Arnold. Wewe mwenyewe koti huna."

"Alivalishe na soksi."

"Nilionja bia yake Pasaka."

Arnold akatazama dari.

"Ilikuwa nzuri, bwana. Wallahi nilitaka iwe mbaya kwa ajili yako, ikakataa."

"Aliipumzisha siku ngapi?"

"Siku nne," akasema Herbert, akicheka mpaka akakohoa, na Arnold kwa mara ya kwanza hakuguna. Alimaliza glasi yake akarudi nyumbani mapema.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano, Clifford aliletewa pipa la galoni tisa. Na Jumatano hiyohiyo, kutoka kiwanda hichohicho cha bia, Arnold aliletewa lake. Alijiambia ni la Jumapili, la kina Herbert, kuondoa uchovu wa harusi. Tusidanganyane. Mtu anayeishi peke yake haagizi galoni tisa kwa uchovu. Alilishusha ngazi zile kumi na nne kwa kamba, goti likimlilia, akalilaza, akalikaba, akalifunika. Alhamisi lilipumua. Ijumaa jioni akalitoboa kwa pigo moja, akamimina kidogo, akainua kwenye taa. Kwa miaka yote hajapata kuweka bia kama ile. Ilikuwa na rangi ya asali na hakuna hata chembe inayoelea. Akakaa ngazi ya tatu, glasi mkononi, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumamosi saa tatu asubuhi alipelekwa na gari la kanisa kwa Clifford, yeye na viti thelathini vya kukodi. Clifford alitoka na aproni, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umekuja kwa wakati wake, bwana Arnold. Njoo unikague. Tangu jana nakuogopa wewe tu."

Akampeleka gereji. Pipa lilikuwa limelala kwenye kitanda kipya cha mbao, kabari zimekaa sawasawa, gunia bichi juu, bilula imeshapigiliwa. Clifford akamimina robo glasi, akampa, akasubiri kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Arnold akaomba moyoni iwe chachu. Akaomba iwe imekosa povu, iwe na harufu ya kabati, iwe na kasoro yoyote ile ya kurudi nayo nyumbani. Akaonja. Ilikuwa nzuri kama yake. Basi, hapo ndipo roho ilipomgeuka. Ingekuwa mbaya angemsaidia. Angevua koti la suti akamwokoa huyu mpole na vitabu vyake. Lakini ilikuwa nzuri, na mwanawe angekunywa glasi ya kwanza kutoka mkono ule mrefu, na angefurahi.

"Vipi?" akauliza Clifford.

"Inanyweka."

"Ukisema wewe inanyweka, nimepona." Clifford akacheka kwa furaha ya kweli. "Ngoja nikanyoe ndevu. Viti weka popote, usijisumbue na goti lako."

Hata goti lake amesimuliwa! Lorna kamweleza! Arnold akamsikia akipanda nyumbani, akasikia maji yakifunguliwa juu. Akalitazama pipa. Mtu mzima wa miaka sitini na saba, suti ya harusi mwilini na ua kifuani, akaweka mikono yote miwili nyuma ya pipa la mwenzake, akaliinua, akaliachia. Kabari moja ikachomoka ikaanguka. Akaliinua tena, akaliachia. Ndani, alisikia bia ikipiga kuta. Gunia likateleza chini. Hakuliokota, alikuwa ameshaingiwa na hofu ya alichokifanya, akatoka kwenda kupanga viti, na alivipanga vizuri sana, mistari iliyonyooka.

Saa sita aliingia kanisani na Lorna mkononi. Alilia kidogo, kama alivyoagizwa, na watu walidhani wanajua analilia nini.

Saa nane bustani ilijaa. Clifford akasimama mlangoni mwa gereji, akaomba kimya, akasema anammiminia bibi harusi glasi ya kwanza. Akafungua bilula. Bia iliyotoka ilikuwa kama maji ya mtaro siku ya mvua. Akaimwaga, akafungua tena. Vilevile. Watu wakaanza kutazamana, na Herbert hangeweza kukaa kimya hata angelipwa.

"Mgema akisifiwa," akasema, "tembo hulitia maji."

Wengine wakacheka. Clifford hakucheka. Alikuwa ameinama nyuma ya pipa, na alikaa pale kitambo. Aliposimama alikuwa na kabari mkononi na gunia lililolowa. Akamtazama Arnold mara moja tu, si kwa hasira. Kisha akawageukia watu.

"Kosa langu," akasema. "Nilikuwa natoa baiskeli ya Keith asubuhi, nikaligonga. Nilijua nimeligonga, nikanyamaza, nikitumaini litatulia. Nisameheni, jamani. Lorna, nisamehe."

Arnold alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Lakini maneno aliyoyapika tangu Jumatano yalikuwa tayari mdomoni, na yakatoka.

"Mimi ninalo moja nyumbani," akasema. "Limeshatulia. Safi kabisa."

Lo, shangwe iliyopigwa! Ila pipa lililotulia halihamishwi, na sherehe ilikuwa chini bondeni. Basi wanaume wanane waliovaa suti wakapanda kilima na majagi, ndoo za bati zilizooshwa, hata birika kubwa la chai la kanisa, wakapanga mstari kwenye ngazi kumi na nne, Arnold yuko chini kwenye bilula, anajaza na kupitisha. Wakateremka mtaa wamefunika kwa vitambaa, wanatembea kwa hatua ndogo. Wanawake walitoka milangoni kuwapigia makofi. Bia ilifika bondeni ikiwa safi na povu jembamba juu yake. "Sugden! Sugden!" watu wakaimba. Ilikuwa siku yake. Dakika kumi hivi ilikuwa siku yake, na alisimama katikati ya bustani akiwa na jagi mkononi, anamtafuta binti yake kwa macho.

Lorna alikuja mwenyewe. Gauni ameliinua kwa mkono mmoja lisiguse majani. Akachukua glasi, akaiinua juu kuelekea jua.

"Nzuri," akasema. "Umelitoboa lini?"

"Jana."

"Na limelala tangu lini?"

Arnold akafungua mdomo. Angeweza kudanganya mtu mwingine yeyote. Lakini bia yenyewe ilikuwa imesimama pale baina yao, safi, na huyu alijua kuhesabu siku zake tangu akiwa na miaka tisa.

"Jumatano," akasema.

"Jumatano." Lorna akashusha glasi bila kuionja. "La nini, baba? Hujawahi kuweka pipa pasipo shughuli."

"La akiba tu, mwanangu."

"Akiba ya nini? Jumatano la Clifford lilikuwa zima." Aliongea kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Na baiskeli ya Keith iko kwangu, baba. Iko ukumbini kwangu tangu mwezi uliopita, naipiga teke kila nikipita. Clifford hajatoa baiskeli yoyote. Asubuhi ni nani mwingine aliyeingia gereji?"

Arnold akatazama viatu vyake. Waliimba tena jina lake kule kwenye meza ya keki.

"Umelisukuma?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na wivu," akasema Arnold. "Nilikuwa na wivu mpaka nikaumwa. Ilikuwa zamu yangu, Lorna. Na bia yake ilikuwa nzuri. Ningeweza kuvumilia kama isingekuwa nzuri."

Macho ya Lorna yalijaa, lakini hakuyaruhusu yamwagike. Akatazama kule alikosimama Clifford peke yake kando ya gereji, anakunja gunia lake na kulikunjua. Watu walimpita kwa adabu, kama wanavyompita mfiwa.

"Amekufichia," akasema Lorna. "Ili mimi nisiwe na baba wa kuonewa aibu siku ya harusi yangu. Ameuvua uso wake mbele ya ndugu zake wote akakuvisha wewe."

Hilo nalo likamchoma. Hata kwa wema kamshinda! Na Arnold alijua, hapohapo, kwamba bado ana wivu, kwamba aibu haikuuondoa, imeukalia juu tu.

"Nifanye nini?" akauliza. "Niwaambie watu?"

"Ukiwaambia utaharibu alichokinunua. Hapana." Akapangusa vumbi la ngazi kwenye ua lililokuwa kifuani mwa baba yake. "Nenda kasimame naye pale mezani. Mmimine pamoja. Na kila atakayekusifu, umwambie hivi: wazo lilikuwa la Clifford. Clifford ndiye aliyekuambia tangu Jumatano uweke la akiba, maana harusi haina dhamana. Kila mtu, baba. Usimruke hata mmoja."

Arnold akaenda. Clifford alimpisha kidogo mezani, akamsogezea glasi tupu. Wakaanza kumimina, mmoja anashika jagi, mwingine anapokea.

Wa kwanza alikuwa Herbert, nani mwingine.

"Arnold, bia hii, bwana," akasema, na safari hii hakuwa na utani hata kidogo. "Nimekunywa kwako miaka thelathini. Hujapata kuweka kama hii. Nani angewaza kuweka la akiba?"

Miaka thelathini Arnold alingoja Herbert aseme neno hilo.

"Clifford," akajibu. "Clifford aliwaza. Aliniambia Jumatano niweke jingine."

Herbert akageuka. "Kumbe wewe! Na mimi nakutania habari za mgema. Nipe mkono, mzee Lumb. Huyu hapa bila ya kuambiwa asingeweka, namjua."

Clifford akashikwa mkono, uso umemwiva. Alimtazama Arnold pembeni, akajaza glasi nyingine. Akaja shangazi wa Keith. Wakaja wapiga kinanda, mchungaji, majirani wa mlimani waliobeba ndoo. Kila mmoja aliinua glasi, aliisifu, na kila mmoja Arnold alimwambia: Clifford. Ilikuwa bia bora aliyowahi kuiweka maishani, na ilikuwa ikiondoka glasi kwa glasi kwa jina la mtu mwingine. Kinywa kilimkauka. Hakumimina yake.

Mwishoni, ndoo zilipokuwa zinakaribia chini, Lorna alikuja na mumewe, na ndugu wa Keith nyuma yao. Akanyoosha glasi yake. Ni Arnold aliyeshika jagi. Alimmiminia polepole, na Lorna akanywa, sasa akanywa kweli, mpaka nusu.

"Tamu," akasema mbele ya wote. "Nani aliwaza kuweka la akiba?"

"Clifford," akasema Arnold.

"Sema tena, baba," akasema Lorna. "Mume wangu hajasikia."

Arnold akamgeukia Keith, akasema tena, kwa sauti.